Barua ya wazi kwa wakuu wa Kambi ya Wanamaji ya Mtongwe: wekeni waokoaji kivukoni

Kwa: Waziri wa Ulinzi, Mkuu wa Majeshi, Kamanda wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, Mtongwe.
Nakala: Halmashauri ya Bandari (KPA), Walinzi wa Pwani, Liwatoni, Gavana wa Mombasa.

KUH: KIKOSI CHA UOKOAJI CHA KUDUMU KATIKA KIVUKO CHA LIKONI

Waheshimiwa,

Barua za namna hii huzunguka mbuyu mpaka msomaji akasahau anachoombwa, kwa hivyo naanza na ombi lenyewe. Sisi tunaovuka Likoni kila siku tunaomba kambi ya Mtongwe iweke kikosi cha uokoaji cha kudumu kivukoni, usiku na mchana, chenye boti za kasi, wapiga mbizi walio tayari kuruka majini, na ruhusa ya kuanza kazi bila kungoja simu kutoka Nairobi. Hatuombi kambi mpya ijengwe. Hiyo iliyopo inatosha.

Na iliyopo si haba. Ukiitoa kambi ya Manda kule Lamu, karibu kila kitu cha wanamaji wa nchi hii kimekusanywa Mtongwe, ufuo wa kusini, mkabala na bandari ya Kilindini. Makao makuu ya jeshi lililoundwa tarehe 12 Desemba 1964 yako hapo. Chuo cha mafunzo kiko hapo. Hapo ndipo zilipofunga gati meli za vita Nyayo na Umoja zilizotoka Uingereza, kisha Shujaa na Shupavu za Hispania, kisha Jasiri iliyotufikia mwaka 2012 baada ya sokomoko la Anglo Leasing, kashfa ya kandarasi za serikali, ambalo kila mlipa kodi alilichangia, apende asipende. Wapiga mbizi wa jeshi wako hapo. Na sasa kuna Kenya Shipyards, shirika lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, na chelezo chake cha mita 150 kinachoweza kupandisha meli ya tani 4,000. Zamani manowari zetu zilipelekwa Ulaya kukarabatiwa. Leo kazi hiyo inafanyika Mtongwe, na vijana wetu wa kuchomelea vyuma wanajua hivyo kwa sababu wengine wao wamepata mkate humo. Hilo tunawashukuru, na mngewaongeza tungeshukuru zaidi.

Maji haya yamependwa na wanamaji tangu zamani. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), Waingereza walihamishia meli zao za Bahari ya Hindi hapa Kilindini chini ya Admirali Somerville, na wavunja siri wao wakawekwa katika shule ya Allidina Visram kusikiliza redio za adui. Waliichagua Kilindini kwa sababu jina lake ni la haki: kina kirefu, mlango mwembamba, pepo za kusi na kaskazi haziisumbui sana. Sifa hizohizo zinazoifanya kambi yenu iwe salama ndizo zinazofanya kivuko chetu kiwe cha hatari. Mlango mwembamba maana yake mkondo mkali. Kina kirefu maana yake kinachozama hakionekani tena.

Kwa asiyevuka, labda nieleze kidogo. Watu zaidi ya 300,000 na magari kama 6,000 hupita Likoni kwa siku. Lango la mteremkoni likifunguliwa asubuhi, umati unateremka kwa mkupuo mmoja: akina mama na beseni zao kichwani, wanafunzi, mafundi na mifuko ya vyombo, mikokoteni inayozuiwa kwa nguvu za visigino isije ikawapita wenyewe. Magari huingia kabla yao au baada yao, kutegemea siku. Feri ikijaa, gari la mwisho husimama na magurudumu yake ya nyuma karibu na mlango wa chuma, ule unaoshushwa kugusa mteremko na kuinuliwa safari ikianza. Dereva anaambiwa avute breki ya mkono. Aliye nyuma kabisa, akitazama kwenye kioo chake, haoni barabara wala watu. Anaona maji. Na katikati ya mlango, feri inapopisha meli ya makontena inayoingia bandarini, sitaha hutikisika, watu wakashikana mabega na mizaha ikakoma kwa muda.

Tarehe 29 Septemba 2019, jioni ya Jumapili, gari lilirudi nyuma likateleza kutoka feri ya MV Harambee katikati ya mlango. Ndani mlikuwamo mama na binti yake. Nchi nzima iliangalia ile video. Gari na miili vilitolewa tarehe 11 Oktoba. Kati ya tarehe hizo mbili tulisimama ufuoni, wengine na redio za mfukoni, tukisikia leo mkondo umezidi, kesho maji yana giza, keshokutwa vifaa havifiki kina hicho. Walikuwapo wapiga mbizi wenu, wa bandari, wa feri, wa kujitolea, na wengine waliotoka Afrika Kusini. Gari lilikuwa kwenye kina cha zaidi ya mita 50. Nataka ieleweke vizuri: silaumu kijana yeyote aliyeingia mle. Mtu anayeshuka mita 50 anabebeshwa shinikizo mara sita ya la huku juu, hewa ya kawaida ya mtungi humlevya kama pombe, dakika zake za kufanya kazi chini ni chache, na akipanda kwa pupa damu yake hutoa mapovu yanayoweza kumpooza au kumuua. Ongeza maji ya bamvua, ambapo bahari yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 mara mbili kwa siku na yote hupita kwenye tundu hilo la Likoni. Kinachobaki ni ule muda mfupi maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Vijana walifanya kazi kwenye muda huo. Ninaowauliza ni wenye kupanga: kwa nini kambi kubwa ya wanamaji, kilomita chache kutoka hapo, ilionekana kana kwamba jambo hilo halijawahi kufikiriwa?

Maana lilistahili kufikiriwa. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa mita chache tu kutoka gatini, imebeba watu wengi kuliko ilivyoruhusiwa. Watu 272 walikufa. Mtongwe, waheshimiwa. Gati lililobeba jina lilelile la kambi yenu. Baada ya hapo kivuko cha Mtongwe kimefungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena, na watu wake wakabaki kuzunguka hadi Likoni. Ziko familia ambazo kila Aprili hurudi kusoma dua za waliozama, na wajukuu waliozaliwa baada ya hapo wanajua hadithi yote bila ya kufundishwa shuleni.

Nitasema jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Gari likishafika mita 50, cha kuokoa hakuna. Kuna maiti tu ya kustahiwa na kuzikwa, nalo si dogo kwetu, lakini si uhai. Uhai uko kwenye dakika za mwanzo. Gari likianguka majini halizami papo hapo. Kwa kawaida huelea kwa muda mfupi, pua ikitangulia kushuka kwa uzito wa injini. Katika muda huo kioo cha pembeni kikivunjwa, mtu anatoka. Baada ya hapo shinikizo la maji hushika milango, na aliye ndani hana nguvu za kuifungua. Ndiyo maana chelezo cha tani 4,000 hakimsaidii mtu anayezama Likoni, na manowari yenye mizinga haimsaidii. Kinachomsaidia ni boti ndogo ya mpira iliyowashwa injini tayari, ikielea jirani na njia ya feri, na ndani yake watu wawili watatu waliokwisha kuvaa mapezi, wenye nyundo ya kuvunjia kioo, kisu cha kukatia mikanda, kamba na boya. Gharama yake ukiiweka kando ya bajeti ya ulinzi haionekani hata kwa miwani.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu tumeyasikia kwenye vikao.

La kwanza ni kwamba jeshi si zimamoto, kazi yake ni kulinda mipaka. Tunajua kazi yenu. Septemba 2012 mliingia Kismayu, Somalia, kwa njia ya bahari, usiku, na watu wa Likoni walijivunia, hasa wenye watoto wao ndani ya meli zile. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 241(3)(b), inasema Majeshi ya Ulinzi yatasaidia na kushirikiana na mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na kutoa ripoti kwa Bunge la Kitaifa kila yanapotumwa kwa shughuli kama hiyo. Haikusema yanaweza yakipenda. Na kama mnaweza kufanya mazoezi ya Cutlass Express pamoja na majeshi ya nje hapa hapa Mombasa, ya kupanda meli na kukamata wahalifu, mnaweza pia kufanya zoezi la kutoa abiria majini pamoja na wafanyakazi wa feri. Siyo kwa ajili ya kamera. Usiku, mvua ikinyesha, maji yakitoka.

La pili ni kwamba kuna Walinzi wa Pwani. Kweli wapo. Sheria yao ni ya mwaka 2018, walizinduliwa Novemba mwaka huo, na uokoaji baharini ni kazi yao kwa mujibu wa sheria. Liwatoni walipo ni karibu na kivuko kuliko Mtongwe. Lakini bahari waliyopewa inaanzia Vanga hadi Kiunga, na juu ya hayo wamo Ziwa Victoria. Mamlaka ya Bahari nayo ina kituo chake cha kuratibu uokoaji Mombasa tangu 2006. KPA ina wapiga mbizi na matishari. Kaunti ina zimamoto. Hesabu nyumba hizo: tano pamoja na yenu. Mwaka 2019 hatukukosa ofisi za kutoa taarifa kwa waandishi wa habari. Kila moja ilikuwa na msemaji. Kilichokosekana ni mmoja anayesema "mimi ndiye", ambaye vifaa vyake viko tayari na ambaye akikosea tunajua mlango wa kubisha. Sisemi muwanyang'anye Walinzi wa Pwani kazi yao. Wakae nanyi katika boti moja, wawe na zamu pamoja, wapate mafunzo kwenu. Nyinyi mna chuo, mna karakana, mna hospitali, mna gati. Wao wana sheria. Hilo si jambo la kugombania.

La tatu, na hili husemwa kwa sauti ya chini, ni usiri. Kambi ni ya kijeshi, raia hawapaswi kujua ina nini. Sawa. Hatuulizi kuhusu makombora wala idadi ya askari. Mvuvi wa Mtongwe anajua vizuri asivuke maboya yapi na dau lake, na akisahau hukumbushwa bila ya adabu nyingi. Tunachouliza ni cha kiraia kabisa. Je, kuna chemba ya kuwatibia wapiga mbizi waliopanda vibaya, na raia akipatwa na tatizo hilo saa nane za usiku, nani anafungua lango? Je, baada ya 2019 mlinunua mashine ya kutafutia vitu chini ya maji kwa sauti, na roboti ya kushuka pale ambapo binadamu hashuki? Kama mlinunua, tuambieni tulale usingizi. Adui gani atafaidika kwa kujua kwamba Kenya inaweza kuokoa watu wake?

Desemba 2019, miezi miwili tu baada ya mkasa wa kwanza, gari jingine lilitumbukia Likoni alfajiri. Safari hii kazi ilikwenda kwa haraka zaidi kwa mbali. Wapo watakaosema lilikuwa karibu na mteremko, na kweli hilo lilisaidia. Lakini kilichosaidia pia ni kwamba watu na vifaa walikuwa bado wamechangamka na wanajua nani anapaswa kufanya nini. Utayari ule haukuwa na bajeti wala amri ya kuudumisha. Muda ukapita, na jambo hilo likarudi kuwa la kila mtu, yaani la hakuna.

Jirani zetu wamelipa ada kubwa ya somo hili. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza mwaka 1996, watu walisikika wakigonga kutoka ndani ya ubavu. Ukatobolewa tundu ili watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, ikazama nao. Mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo angejua kwamba tundu haliji kwanza. Septemba 2011 Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, na wapiga mbizi walioletwa kutoka Afrika Kusini hawakuweza kushuka kwa ukali wa mkondo na urefu wa kina. Kisha MV Nyerere, Ukara, Septemba 2018: zaidi ya watu 200 walikufa, lakini siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi wa injini akiwa hai, amejibana kwenye chumba kilichobaki na hewa. Uokoaji ulikuwa umesitishwa usiku ule wa kwanza kwa giza. Mtu huyo mmoja anatosha kuwa hoja ya taa, ya zamu za usiku na ya wapiga mbizi wasiotoka mbali.

Hapa kwetu wapo wanaosema barabara ya Dongo Kundu imemaliza tatizo. Imewapunguzia wenye magari adha, hilo halina ubishi, na wenye malori wanapumua. Mama anayeuza mboga Marikiti hana gari la kuzunguka Dongo Kundu. Daraja la kuelea la Liwatoni lilifunguliwa Januari 2021, likagharimu shilingi bilioni 1.9, tukalipanda na kuteremka mpaka magoti yakatuuma, na bado umati wa feri ulibaki umati wa feri. Daraja lenyewe la kudumu tunaahidiwa kila uchaguzi. Mpaka lije, watu watavuka juu ya maji, na mahali ambapo watu huvuka juu ya maji kuna siku mmoja ataanguka.

Kwa hivyo tunaomba nini hasa, mbali na boti ile kando ya kivuko? Tunaomba kikosi kiwe na namba moja ya simu iliyobandikwa kwenye kila nguzo ya kivukoni na ndani ya kila feri, inayopokewa na mtu anayejua Likoni ni wapi. Tunaomba wafanyakazi wa feri wafunzwe na wanamaji, si kwa semina ya siku moja hotelini, bali majini, ndani ya gari kuukuu linalozamishwa makusudi kando ya gati lenu, ili yule kijana wa kuelekeza magari ajue pa kupiga kioo na pa kutopiga. Tunaomba pia msiwasahau watu wa BMU (vikundi vya kusimamia fukwe) na wavuvi wa Mtongwe, Likoni na Shelly. Mtu akitumbukia, wenye ngalawa na mashua hufika kabla ya serikali, na hufika na mikono mitupu. Wapeni maboya, taa, redio ya mawimbi ya bahari na mafunzo ya kumhudumia aliyemeza maji. Wanajua mkondo ule kuliko ramani yoyote; wanajua kilichotumbukia Likoni maji yakitoka kitapelekwa upande gani na kitakwama kwenye mwamba upi. Mwaka 2019 wazee kadhaa waliyasema hayo pale ufuoni, na sikuona aliyeshika kalamu kuandika.

Kisha ripoti. Kila mwaka, kurasa chache tu zinatosha: mazoezi yamefanyika mara ngapi, boti zimetoka mara ngapi, zimechukua dakika ngapi kufika, nini kimeharibika na kimetengenezwa lini. Ipelekwe Bunge la Kitaifa kama Katiba inavyotaka, na nakala yake isomwe barazani Likoni na Mtongwe, kwa Kiswahili.

Jenerali Kahariri, wewe ulipanda ngazi katika jeshi hili hili la wanamaji kabla ya kuteuliwa Mkuu wa Majeshi mwaka 2024. Huhitaji kuelezwa maji ya Likoni yakoje, na huhitaji kamati ya kukushauri ikiwa boti inaweza kufika kivukoni kutoka Mtongwe kwa haraka. Ni wachache waliokaa kwenye kiti hicho wakiwa na ujuzi huo, na ndiyo sababu ya kuandika sasa.

Tunaomba jibu la maandishi, lenye jina la afisa atakayesimamia jambo hili na tarehe ya zoezi la kwanza. Kama zoezi hilo litafanyika kabla ya mabamvua makubwa ya mwezi wa tatu, itakuwa bora zaidi. Nafasi ya kusimama na kuangalia tutajitafutia wenyewe pale ufuoni, na watoto tutakuja nao.

Wenu,
Mkaazi wa Likoni na msafiri wa feri